Picha Zenye Ukungu

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake na kuianika, Chiriku alimfuata shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa mpiga picha wa vyumba vya kupangisha. Chiriku alibeba stendi ya kamera na kuongea njia nzima. Ndiyo maana akapewa jina la chiriku, ndege asiyekoma kulia.

Jumamosi hiyo hakuongea.

"Mwanangu, leo umemeza gundi?" shangazi alimtania.

"Hapana, shangazi. Nimechoka tu."

Hakuwa amechoka. Jana yake aliiangusha lenzi ya kamera alipokuwa akiifuta vumbi. Aliiokota, akaipuliza, akairudisha mkobani kimya kimya.

Walipanda ngazi hadi chumba kikubwa chenye sakafu ya mbao, juu ya karakana tupu. Mwalimu wa chekechea alikuwa akiwasubiri. Jumatatu watoto thelathini wangehamia humo, naye alitaka picha za kubandika langoni. Viti vidogo vilikwisha kupangwa. Nyumba ya pili, mashine ya kusaga nafaka ilinguruma bila kupumzika.

Shangazi alisimamisha kamera, akapiga picha tatu, akamwachia Chiriku azikague. Ya kwanza ilikuwa na ukungu. Viti vilionekana viwili viwili, kama vina vivuli vyao pembeni. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilizidi. Ni ile lenzi! Chiriku akazifuta zote.

"Zimetokaje?"

"Humu giza, shangazi. Tupige za nje tu."

"Za nje zitafaa," mwalimu alisema. "Wazazi watakiona chumba Jumatatu, watoto wakiwa wamo."

Shangazi akaanza kukunja stendi. Chini ya miguu yake mbao zikalia, kilio kirefu cha chini. Chiriku akaona viti vidogo vikitikisika, na hakuna aliyevigusa. Je, kama ukungu ule haukutokana na lenzi? Ee Mungu, nipe ujasiri wa kusema, aliomba moyoni.

"Shangazi, nimekudanganya. Picha zina ukungu, nimezifuta. Jana niliangusha lenzi."

"Kukugombeza kutafuata," shangazi alisema. " Kwanza tuujue ugonjwa."

Akaweka kamera juu ya kizingiti cha dirisha, kwenye ukuta wa mawe. Akapiga. Picha ilitoka safi, hata misumari ya viti ilihesabika. Akairudisha kwenye stendi, sakafuni. Ukungu!

"Lenzi ni nzima," alisema polepole. "Ndani mwanga ni haba, kwa hiyo kamera hukaa imefumbua jicho muda mrefu. Kinachotikisika hutoka na ukungu."

"Ni mashine ya jirani tu," mwalimu alicheka. "Nyumba za zamani ndivyo zilivyo."

"Mashine inanguruma hata ukutani, mwalimu. Mbona ukutani picha ni safi? Sakafu hii ndiyo iliyolegea. Tutoke humu."

Waliita fundi seremala. Alikwenda karakanani na ngazi yake, akachomeka bisibisi kwenye boriti iliyobeba sakafu. Ikazama hadi mpini, kama kisu kwenye mkate. Unga wa mbao ukammwagikia usoni.

"Mchwa wamekula wakasaza ganda," alisema. "Watoto thelathini wakiruka hapo juu..."

Mwalimu aliketi chini, mikono kichwani. Kisha akafunga mlango wa ghorofani kwa kufuli, akaenda kuwatafutia watoto chumba cha chini mpaka boriti zibadilishwe.

Chiriku alikuwa analia. Shangazi akamshika bega.

"Kuangusha kitu ni ajali, mwanangu, hilo ningelisahau kesho. Lakini ulifuta picha zilizokuwa zikituonya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kisingekuwa chako peke yako. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla ya kujua kosa lako limefunika nini."