Kitovu Ndani ya Piano

Ilikuwa noti moja tu, ile nzito ya mwisho upande wa kushoto, na ilipolia saa nane ya usiku Batula alinyoosha mkono akapapasa kitandani. Abshir, mumewe, alikuwa hapo hapo, amelala chali, mikono yote miwili juu ya blanketi.

Basi ni nani aliye sebuleni kwenye piano?

Mtoto wao Habsa, wa siku thelathini na tatu, aliachia titi. Hakulia. Aligeuza uso kuelekea mlangoni akakaa hivyo, macho wazi, kama mtu aliyeitwa.

Asubuhi Abshir alicheka. "Ni panya, Batu. Na ukame huu hata ng'ombe wanakula makaratasi sokoni, sembuse panya?"

"Panya gani wa kupiga noti moja na kunyamaza?"

"Panya msanii."

Batula alicheka pia, maana Abshir alijua kuchekesha, na tena si mtu wa kudharauliwa pale Isiolo. Babu yake alikuja na jeshi la Mwingereza, baba yake akawa mpishi wa maofisa, na kwenye mesi yao, ukumbi wao wa kulia chakula, ndipo Abshir, miaka saba, alipopanda kiti na kubonyeza piano ya wazungu huku babake akisugua masufuria. Alipofika ishirini alikuwa Nairobi, hotelini, ana tai, anapiga jazi kila Ijumaa na Jumamosi. Mwaka wa sabini na tano vidole vikakauka, akaachishwa kazi. Mwaka uliofuata vikafunguka ghafla, akapiga kuliko mwanzo. Akaitwa Mombasa, akaitwa Lusaka, akatoa santuri mbili. Batula alizisikia redioni akiwa kidato cha tatu, hakujua kama siku moja atampikia chai mwenyewe. Abshir alirudi nyumbani baada ya kafyu ya themanini na mbili, piano yake juu ya lori la ng'ombe, wakaoana. Mwaka jana vidole vilianza kukauka tena. Lakini tangu Habsa azaliwe vilikuwa laini kama vya kijana, na Batula aliwaambia majirani wa mtaa wa Chechelesi kwamba mtoto huyu amekuja na baraka zake.

Usiku wa pili noti ililia tena, na wa tatu, na kila ilipolia Habsa aliacha kunyonya, mpaka mashavu yakaanza kushuka. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ikipita chini ya mlango wa sebule. Usiku wa nne Batula aliinuka, akasimama kwenye korido na mtoto kifuani, na alipotazama ndani aliona kiti cha piano kimebonyea katikati, ngozi yake imezama kama imekaliwa na mtu mnene, na hakukuwa na mtu, na ile noti ikashuka yenyewe, jino la piano likazama polepole likakaa chini, halikupanda, na Habsa akanyoosha mkono kuelekea pale, mkono ule ambao bado haukujua kushika hata kidole cha mamake, akaunyoosha sawasawa kama anayepokea kitu.

"Abshir," alinong'ona kitandani. "Amka. Kuna mtu amekaa."

"Lala."

"Nimeona kiti..."

"Batu, nimesema lala. Mwanamke ambaye hajatoka arobaini ya uzazi huona mengi."

Hakufungua macho aliposema hivyo. Na Batula aliona, kwa mwanga wa koroboi, kwamba hakuwa amelala kamwe.

Siku ya thelathini na saba babake Batula, mzee Wario, alifika kutoka Kulamawe na kibuyu kidogo cha maziwa, yote aliyoweza kukamua. Abshir alikuwa sokoni. Mzee alimpokea mjukuu, akampima mikononi, uso ukabadilika.

"Intala tiya, binti yangu, mbona mwepesi hivi?"

"Hanyonyi, Abba. Na yule mtamba wake, amenusurika na ukame?"

"Mtamba gani?"

"Wa Habsa. Abshir si alikuletea kitovu, akamnunua mtamba, mkamfungia?"

Kwa Waborana, na kwa Wasomali wa kina Abshir vile vile, kitovu cha mtoto kikikatika hakitupwi. Kinafungwa kwa mnyama jike, na mnyama huyo na uzao wake wote ni wa mtoto. Ndiyo handhura yake, ndicho kinachosema huyu ni wa watu hawa. Siku kitovu cha Habsa kilipokatika, Abshir alikichukua mwenyewe, akapanda lori, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, akasema kazi imekwisha, mtamba mweupe, safi.

"Hakuna kitovu kilichonifikia," mzee alisema taratibu. "Wala Abshir sijamwona tangu harusi. Amemfunga mtoto kwa nani?"

Miguu ilimpeleka Batula yenyewe sebuleni. Alipiga magoti, akavuta ubao wa chini wa piano mpaka ukang'oka, na harufu ile ikampiga usoni. Ndani, kwenye waya mnene wa mwisho kushoto, kitovu kilikuwa kimefungwa kwa uzi mwekundu. Kando yake kulikuwa na kingine, cheusi, kikavu kama mbegu ya tende.

Viwili.

Abshir alirudi akawakuta wamekaa hapo, ubao chini. Alivua kofia.

"Jini alinijia Nairobi, vidole vyangu vikiwa vimekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Aliketi kando yangu, kiti kimoja. Akasema, nifungie mtoto kwangu, nami nitakupa vidole. Nilidhani ni maneno tu."

"Na mwenye kile cheusi, yuko wapi? Naye alikuwa maneno tu?"

"Alikufa siku ya arobaini. Mamake ni Ntongai, aliyekuwa mwimbaji wetu." Akamshika Batula mkono, na vidole vyake vilikuwa na joto, laini. "Ni huyu tu, Batu, wallahi. Tutazaa wengine."

Batula aliutoa mkono wake kama mtu anayeutoa motoni. Miaka miwili alimpikia, akamfulia, akamsifu kwa watu, na muda wote huo mwanamume huyu alikuwa akimtazama tumbo likikua na kuhesabu siku.

Mzee Wario alimleta Sheikh Shuriye kabla ya magharibi. Sheikh alisoma, akapulizia maji, akasema, "Fungua wewe. Ni mkono wa mama tu unaofungua cha mwanawe." Batula akaingiza mkono, na alipogusa uzi piano ikalia yote, meno yote meusi na meupe yakashuka na kupanda pamoja, na juu ya kelele hiyo kulikuwa na sauti ya kitu kizito kikipumua karibu kabisa na sikio lake, kikimwambia kwa sauti ya Abshir, ile ile tamu ya kuposa, acha, Batu, acha mpenzi, tutazaa wengine, naye akakita kucha zake kwenye fundo, akavuta, akalia, akavuta, mpaka uzi ukaachia.

Kimya. Habsa akapiga kelele ya njaa. Abshir alitazama mikono yake; vidole vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa.

Mzee aliondoka usiku huo huo na kitovu, akakifunga kwa mtamba mmoja aliyebaki naye.

Lakini noti haikuisha. Ililia kwa mbali, dhaifu.

"Kile kingine si chako," alisema Sheikh. "Mwite mamake, umweleze yeye peke yake, basi. Jini huyu amepoteza njia ya kwa mtoto wako. Kila mwingine atakayesimuliwa habari hii ni njia mpya ya kumrudia."

Batula alimwandikia Ntongai barua. Baada ya siku tisa akaja mwanamke mrefu, amejifunga leso, sauti nzito. Alisikiliza yote amesimama. Abshir alikuwa koridoni, mikono mapajani. Mwanamke alimpita bila kumtazama.

"Aliniambia mtoto atafungiwa mtamba huku kwao," alisema Ntongai. "Mimi ni Mmeru, nikasema kwani kuna ubaya gani? Unajua mpaka leo huwa nafikiria, ng'ombe wa mwanangu sasa wamefika wangapi?"

Alipiga magoti, akafungua fundo, akakifunga kitovu ndani ya kitambaa. Piano haikutoa hata mlio.

"Walisema nilimlalia," alisema, mgongo umegeuka. "Mamangu mzazi alisema nilitoka kuimba nikiwa nimechoka, nikamlalia mtoto. Miaka minane, dadangu. Nami niliamini. Sasa nitaenda nimwambie..."

Batula alimweleza sharti la Sheikh. Alilieleza haraka haraka, macho chini, kwa aibu.

Ntongai alimtazama Habsa, ambaye alikuwa akinyonya kwa pupa, maziwa yakimtiririka kidevuni.

"Hata mama nisimwambie?"

Batula alimfuta Habsa kidevu.

"Haya. Waache waseme nilimlalia." Alikaza leso, akaweka kile kitambaa kifuani. "Wewe mlee huyu. Sitamwambia mtu mwingine."