Orodha ya Duara la Saba

Tope lilikutwa kwenye kompyuta saa sita mchana, mwezi wa Julai, wakati mtaa mzima wa Nyasubi ni vumbi tupu. Salvina alilifuta kwa kanga, akamgombeza Limi, binti yake wa miaka minne. Limi akasema si yeye, ni mjomba.

"Mjomba yupi?"

"Yule anayekaa chini."

Salvina akacheka. Mumewe, Evance, hakucheka. Tope lile lilikuwa la kijivu na lilinuka baruti, na yeye alijua tope la namna hiyo hutoka wapi.

Evance alikuwa fundi wa programu. Mwaka uliopita, Edward, mwenye mgodi mdogo kule Bugarama, alimwita amtengenezee mfumo wa kisasa. Hadi siku hiyo mgodi ulitegemea ubao wa misumari. Kila mchimbaji akishuka kwenye duara, yaani shimo lake, alitundika kibao cha bati, akipanda alikitoa. Mlinda ubao, Mama Agatha, hakuruhusu baruti ilipuliwe mpaka misumari yote ibaki mitupu. Edward aliona huo ni ushamba. Na vijana wa chuo, tuseme ukweli, wakiona kitu kinafanya kazi vizuri hawalali mpaka wakibadilishe. Evance akaandika programu kwa lugha ya Java: kila duara na orodha ya watu wake, kila mtu na alama yake, ametoka au yumo ndani. Kabla ya kulipua, programu hupitia orodha. Duara likiwa salama, taa ya kijani huwaka.

Msiba ulikaa kwenye neno moja. Alitakiwa kuandika allMatch, yaani wote wawe wametoka. Aliandika anyMatch, yaani akipatikana hata mmoja aliyetoka, inatosha. Siku ya majaribio aliweka mtu mmoja tu katika kila duara, na kwa mtu mmoja maneno hayo mawili hujibu sawasawa. Edward akafurahi, ubao ukawa kuni.

Mwezi wa Mei watu wanne walishuka duara la saba, wakapanda watatu. Taa ikawaka kijani. Mama Agatha alisema, "Jamani, Januari simuoni," akaambiwa mashine haidanganyi. Baruti ikalipuliwa.

Edward alitangaza kwamba Januari ametoroka na mawe ya dhahabu, maana mfumo ulionyesha duara ni salama. Mama yake Januari, Eufrasia, hakuweza hata kuweka matanga. Nani atamlilia mwizi aliye hai? Kila asubuhi aliketi na kigoda chake kwenye geti la mgodi, watu wakimpita.

Evance aliijua kweli siku ya tatu baada ya mlipuo. Alirekebisha lile neno, akaendesha ukaguzi upya, na taa ikawa nyekundu: duara la saba, Januari, ndani. Wale watatu walikwisha kuondolewa kwenye orodha baada ya zamu, kwa hiyo jina lilibaki peke yake. Alilitazama mpaka chai ikapoa. Alifikiria jela. Kisha akalifuta. Orodha isiyo na mtu haina wa kukataa. Ukiiuliza kama wote wametoka, hujibu ndiyo. Taa ikawa kijani. Alifanya hivyo mchana kweupe, akijua anachofanya, na aibu hiyo mimi sina namna ya kumpunguzia.

Baada ya tope zikaja sauti.

"Unasikia?" Salvina alinong'ona.

"Majirani wanatwanga."

"Majirani wako chini ya sakafu, Baba Limi?"

Zilikuwa ngo, ngo, ngo, kimya, kisha ngo, ngo, ngo, kama mchimbaji anavyogonga mwamba ili walio juu wamsikie, na kila mchana jua lilipokuwa kali zaidi zilisogea, kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chini ya kitanda cha mtoto, na harufu ya baruti ikapanda kwenye nyufa za saruji hata ugali haukulika, na Evance akifungua kompyuta alikuta jina la Januari limerudi kwenye orodha, analifuta, linarudi, analifuta, linarudi, mpaka siku aliyoliona la pili chini yake: duara la saba, Januari, Limi, ndani.

Alikimbilia chumbani. Limi alikuwa amekaa kitandani akikohoa, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa tope la kijivu.

Kesho yake alfajiri Salvina alimleta Bibi Asteria, mganga kutoka Samuye. Bibi alimpasua kifaranga, akamtazama ndani kwa muda mrefu, akafuta mikono.

"Huyu si jini wa kufukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ana mama. Baba Limi, umefuta nini?"

Evance akainama.

"Sina dawa," Bibi aliendelea. "La kuvunda halina ubani. Nenda ukaseme kabla mtoto hajashuka."

"Wewe usiposema," Salvina alisema akilia, "nitasema mimi."

Kabla jua halijawa kali Evance alipiga magoti kwenye geti la mgodi, mbele ya kigoda cha Eufrasia.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama.

"Marahaba, ng'wana wane," Eufrasia aliitikia, kama kwa mwanawe.

Akamweleza yote, mpaka lile la kufuta.

"Kwa hiyo hakuwa mwizi," Eufrasia alisema.

Wachimbaji walifukua siku mbili, polisi wakisimamia. Januari hakuwa chini ya kifusi. Alikuwa nyuma yake, kwenye kona ambayo mlipuo haukuifikia, ameshika mkononi jiwe la kugongea. Ukutani alikuwa amechora mistari, mmoja kwa kila jioni aliyosikia milipuo ya maduara mengine. Mistari ilikuwa mitano.

Eufrasia aliletewa picha kwenye simu. Aliihesabu mistari kwa kidole, polepole, akamgeukia Evance aliyekuwa amefungwa pingu.

"Wewe ulijua siku ya ngapi?"

"Ya tatu, mayu."

Mchana huohuo sakafu ya nyumba ile ya Nyasubi ilinyamaza, na Limi akaomba uji. Evance yuko mahabusu akisubiri kesi. Mchana watu wanapopumzika huenda ukutani akagonga mara tatu, akatulia, akagonga tena mara tatu. Wawili wanaolala naye chumba kimoja wameomba kuhamishwa. Wanasema kuna anayemjibu.