Hodi ya Wifi Chausiku

Hodi ilipigwa mara tatu, alasiri, na kuku waliojikunyata kizingitini hakushtuka hata mmoja. Hapo ndipo Hajira alipojua kwamba nje hakukuwa na mtu. Alibaki ameshika mwiko, ugali ukiungua, huku harufu ya nguo iliyobabuliwa na moto ikipenya chini ya mlango.

"Wifi," sauti iliita. "Wifi, nimelowa."

Angeitikaje? Mwenye sauti hiyo walimzika siku arobaini zilizopita.

Miaka hiyo Wadachi walikuwa wamefikisha reli yao Korogwe, na Chausiku, dada wa mumewe Hajira, alikwenda huko kumtazama mume wake mwenyewe, aliyekuwa kibarua wa tuta la reli. Alirudi kwao Mkata kwa miguu, safari ya siku tatu, amejifunga bendera, ile nguo nyekundu ya dukani iliyokuwa fahari ya wanawake. Siku aliyofika, jua lilikuwa limeipika nchi tangu asubuhi. Hewa ya moto ilipanda na mvuke wake, ikakutana na baridi ya huko juu, na alasiri wingu likasimama upande wa Usambara, jeupe kichwani, jeusi tumboni. Mwanzo umeme ulimulika na mtu akahesabu hadi kumi ndipo ngurumo ifike. Chausiku alipoingia uani kwa kaka yake, umeme na ngurumo vilikuwa havipishani hata pumzi moja.

Sasa, watu wetu wana lao: nyekundu huita radi. Mvua ya ngurumo ikija, nguo nyekundu hufichwa. Hodi ilipopigwa, Hajira alichungulia kwenye ufa wa mlango, akaiona ile bendera, akatia komeo.

"Vua nguo kwanza, wifi, ndipo uingie!"

"Nivue hapa uani? Niingie uchi, na kaka yangu yumo ndani? Wifi, jamani!"

"Basi jibanze chini ya mvule. Mvua itapita."

Ndivyo alivyosema, na aliyesema ni yeye, si shetani. Wala tusijifanye watakatifu, wengi wetu tungetia komeo vilevile. Mvule ule ulisimama peke yake shambani, mrefu kuliko kila kitu. Radi ilipopasuka, vyungu viligongana uchagani, kisha hodi haikusikika tena.

Watu walipomwokota Chausiku, Hajira alisema kelele za mvua zilimzuia kusikia. Mumewe, Mwinjuma, aliyekuwa na homa chumba cha ndani, alisema yeye alikuwa usingizini. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini ya Hajira ilizidi kurefuka kila kukicha, kwa sababu ya mkwewe. Kila asubuhi Bibi Mwanaidi, mama wa marehemu, alipanda kutoka kwake bondeni, akaegemea bega la Hajira na kulia.

"Wewe ndiye binti niliyebakiwa naye," alimwambia. "Najua ungemsikia ungemfungulia."

Hajira alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimpikia bibi uji, alimkanda miguu, na kila wema aliomtendea ulimchoma yeye mwenyewe. Aliona haya hata kupokea asante.

Hodi nazo zikazidi. Kila wingu lilipoanza kujijenga juu ya milima, harufu ile ilitangulia, kisha hodi tatu, kisha sauti ya maji yakichuruzika kutoka kwenye nguo ya mtu asiyeonekana, na siku moja, mvua ikiwa haijadondosha hata tone, Hajira aliyaona maji yakipita chini ya mlango, yakitambaa sakafuni polepole, yakilikwepa jiko, yakielekea chumba cha ndani alikokuwa mumewe, na huko akamsikia Mwinjuma akitetemeka mpaka kitanda kikalia, naye hakumuuliza, na mumewe hakusema.

Ndipo mganga, Mzee Sadala, alipoitwa kutoka Mashewa. Alifika mchana, akafukiza ubani, akawakalisha wenye nyumba pamoja na Bibi Mwanaidi. Nje wingu lilikuwa likikua.

"Huyu si marehemu," alinong'ona. "Ni jini wa mawinguni, kavaa sauti yake. Kaingia kwa uongo, hatoki ila kwa ukweli. Aliyeisikia hodi siku ile aseme, tena aseme mbele ya mama mtu."

Mlango ukagongwa mara tatu.

Hajira angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini Bibi Mwanaidi alimshika mkono, akamnong'oneza, "Usiogope, mwanangu. Wewe hukusikia."

Mkono ule ulimshinda.

"Nilisikia, mama. Niliogopa nguo yake nyekundu. Mimi ndiye niliyemtuma mtini."

Bibi aliuachia mkono.

"Radi haina habari na nguo," Mzee Sadala alisema kwa upole uliouma kuliko tusi. "Hutafuta kirefu kilichosimama peke yake. Ungemwingiza ndani, huenda leo angekuwa hai."

Walingoja. Harufu haikuondoka. Hodi ilipigwa tena, na safari hii ilitoka kwenye mlango wa chumba cha ndani.

"Kaka," sauti iliita. "Kaka."

"Bado mmoja," mganga alisema.

Mwinjuma alikuwa amejifunika uso kwa viganja. "Sikulala," alisema. "Nilisikia kila neno. Homa haikuwa ya kunizuia kuinuka. Nilimwacha mke wangu aseme, ili mimi nisiwe nimesema."

Hajira alimtazama mumewe, akainamisha macho. Harufu ilikatika ghafla. Komeo lilifunguka lenyewe, upepo wa baridi ukawapita miguuni ukatoka nje, na mvua ikaanza kumwagika. Jini alikuwa amekwenda.

Bibi Mwanaidi alisimama, akajitanda kaniki yake, akatoka.

"Mama, rudi ndani!" Mwinjuma alilia. "Radi itakupiga!"

Bibi alisimama uani, mvua ikimpiga kichwani. Alimtazama mwanawe, kisha mkwewe.

"Fungeni mlango," alisema. "Kuufunga mnajua."