Ukurasa wa Mwisho wa Mkataba

"Samahani dada, nimekuja kuchukua ulichokalia."

Dalali aliinua macho kutoka kwenye faili lake. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye aproni ya turubai, penseli nyuma ya sikio na futi ya kushonea shingoni. Ukumbi wa ofisi ya ardhi ulikuwa umefurika asubuhi ile. Feni ilizunguka kivivu, watoto walilia, na kila baada ya dakika tano karani wa dirisha namba tatu aliita jina la mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kwenda kutoa kopi.

"Nimeipigania nafasi hii tangu saa moja," dalali akajibu. "Uichukue uipeleke wapi?"

"Karakana. Nimepewa kazi ya kuyavalisha upya mabenchi yote. Tazama mwenyewe, sponji inakuchungulia."

Alipoinuka kwa hasira, msumari ukanasa sketi yake ya kijani, ile ya kukutana na wateja wakubwa, na pindo likaachia kiasi cha shubiri nzima. Watu wa foleni wakageuza shingo. Fundi hakucheka. Alipiga goti palepale, akatoa sindano na uzi mfukoni mwa aproni, akauliza, "Unaniruhusu?" Dalali akatazama dari na kuitikia kwa kichwa. Mshono ukapita mdogomdogo, na mkono wa fundi haukugusa hata mara moja kisichokuwa kitambaa. Jambo hilo dalali aliliona, na ndilo lililomfanya ampe kadi yake ya kazi.

"Ukitaka nyumba, nipigie."

"Na nisipotaka nyumba?"

"Basi kadi ina kona nzuri. Chokolea meno."

Fundi akapiga jioni ileile, na nyumba hakuitaja kabisa.

Kazi ya mabenchi ilichukua wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo walikunywa chai pamoja kila mchana kwenye mgahawa ulio ng'ambo ya ofisi ya ardhi. Fundi alikuja na nyuzi kwenye nywele, dalali akiwa na rundo la funguo lililomtangulia kwa kelele. Walitaniana. Walipoachana walipigiana simu, utadhani hawakuwa wameonana.

"Hivi kazi yako hasa ni nini?" fundi alimuuliza siku moja kwenye simu. "Maana mtaani wanasema dalali ni mtu wa kuwadanganya wawili kwa mpigo."

"Mtaani kuna mengi. Mimi kwenye kila mauzo nina bosi mmoja. Akinituma muuzaji, mimi ni wa muuzaji. Mnunuzi simdanganyi, lakini siri ya muuzaji siitoi."

"Hata kwangu?"

"Hata kwa mama yangu, baba. Jana nilikuwa na maharusi wameshikana mikono mpaka kalamu haishikiki. Wamenunua nyumba, wananiuliza waandikishe vipi. Nikawaambia kuna umiliki wa pamoja: nyumba yote ni yenu nyote, haina upande wa mtu, na mmoja akifariki anayebaki anabaki na yote. Halafu kuna umiliki wa hisa: kila mmoja ana fungu lake limeandikwa kwenye hati, anaweza kuliuza au kumrithisha amtakaye."

"Ukawashauri nini?"

"Hisa. Siku zote nashauri hisa."

"Hata kwa watu wanaopendana?"

Dalali akashusha sauti. "Mama yangu alichota maji ya kujengea nyumba ya vyumba vitatu, kwa kichwa chake. Jina lake halikuwemo popote. Jumamosi moja tukajikuta nje na godoro. Kwa hiyo mpenzi, mimi watu wanaopendana nawaheshimu, lakini fungu lionekane kwenye karatasi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mpenzi. Fundi, kusema kweli, hilo ndilo alilolisikia, na mengine yote yakampita kushoto.

Sasa hapa ndipo dalali wetu alipoteleza. Mwenye nyumba mmoja, mzee mnene wa suti ya kahawia ambaye dalali alishamuuzia viwanja viwili, aliingia ofisini kwake akiwa na haraka. "Nina nyumba nyingine, binti yangu. Saini, nitakueleza." Na yeye, anayewakemea wateja kwa kusaini wasichokisoma, akasaini. Wino ulikuwa haujakauka mzee alipoeleza. Nyumba ya kona. Vyumba viwili nyuma, karakana mbele. Humo mna fundi wa makochi aliyerithi upangaji kwa marehemu baba yake, anaishi na shangazi yake.

"Asijue chochote mpaka mnunuzi apatikane," mzee akasema. "Wapangaji wa zamani wana maneno."

Ni fundi wake, hakuna mwingine. Kusema, ni kuvunja neno alilolitia saini. Kujitoa, ni kumwachia dalali mwingine kazi, na dalali huyo angemtoa fundi kwa wiki moja bila kupepesa macho. Akauliza kama upo mkataba wa upangaji. Mzee akajibu kwamba nakala yake ilipotea siku nyingi, makaratasi ya zamani tu. Dalali alimjua mwanasheria aliyeandika mikataba ya mtaa ule enzi hizo. Alikuwa na mazoea ya kuweka kifungu fulani mwishoni.

Jioni hiyo alipiga simu.

"Mpenzi, una mkataba wa upangaji?"

"Ule wa marehemu baba? Upo kabatini, chini ya vitambaa."

"Usome. Usome mpaka ukurasa wa mwisho."

"Ah! Wanawake wenzako wanasema 'nimekukumbuka'. Wewe 'soma mkataba'."

"Sitanii."

"Sawa, malkia wa hati. Nitasoma."

Kesho yake akamkumbusha, na keshokutwa pia. Fundi akacheka mara zote mbili, akaenda kumsimulia shangazi kwamba amepata mwanamke anayebembeleza kwa vifungu vya sheria. Kabati halikufunguliwa.

Siku ya tano mzee alileta wanunuzi wake mwenyewe, mtu na mkewe, akamwamuru dalali awaonyeshe nyumba. Fundi alikuwa nyuma akikaanga vitunguu. Shangazi alikuwa kwenye cherehani. Fundi aliposikia sauti ngeni alitoka na mwiko mkononi. Akamkuta mwanamume asiyemjua anapima dirisha la karakana, na mwanamke anaonyesha pale palipokuwa na meza ya kukatia ya baba yake, anasema hapo friji litakaa vizuri.

"Samahani, ninyi ni nani?"

"Wanunuzi," yule mwanamume akajibu bila ubaya wowote. "Tumeambiwa mpangaji ataondoka kwa amani."

Dalali alikuwa mlangoni, amevaa ile sketi ya kijani. Fundi aliutazama mshono wake mwenyewe kwenye pindo.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku tano. Sikiliza, nilikwambia usome..."

"Siku tano tunakunywa chai!" Akamnyoshea mwiko. "Kumbe kazi yako ilikuwa kunilainisha. Ili nitoke kwa amani."

"Si hivyo."

"Toka, dada."

Neno hilo *dada*, aliloanza nalo ukumbini kwa adabu, safari hii lilimchoma dalali kuliko tusi. Alitoka. Alipofika kwenye gari la wanunuzi machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakujali nani anayaona.

Fundi hakupokea simu tena. Siku ya tatu ikaja bahasha ya kaki, jina na anwani yake mbele, muhuri wa dalali nyuma. Aliipima mkononi. Notisi ya kuhama, hakuna kingine. Akaitupa juu ya kabati bila kuifungua, akaanza kupanga misumari kwenye makopo na kukunja vitambaa. Alikonda. Alimshonea mteja kochi jekundu mto mmoja wa njano, na mteja akaurudisha.

Bahasha ilikaa siku kumi na sita.

Shangazi ndiye aliyeishusha. Alikuwa amepanda kiti kutafuta sanduku la kufungashia vyombo, akavaa miwani, akaifungua bila kuomba ruhusa ya mtu, akaisoma mara mbili amesimama hukohuko juu.

"Wewe," akaita. "Njoo unishushe, halafu nikuzabe kibao."

"Nimefanya nini tena, shangazi?"

"Hujui kusoma? Hapa hakuna mtu aliyefukuzwa. Msikilize huyu binti: 'Kwa mujibu wa kifungu cha mwisho cha mkataba wa upangaji, mpangaji ana haki ya kwanza ya kununua. Mwenye mali anakupa wewe nafasi hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku thelathini.' Thelathini, na umezilalia kumi na sita!"

Fundi akafungua kabati. Akavuta vitambaa vyote vikaanguka sakafuni, akautoa mkataba, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho. Kifungu kilikuwepo, na chini yake saini ya baba yake, ile yenye mkia mrefu. Alikaa juu ya vitambaa. Mara tatu mwanamke yule alimwambia asome. Alimwambia yote aliyoweza kumwambia bila kuvunja neno lake, naye akacheka.

"Usilie hapo," shangazi akasema. "Kalie kwake."

Alimkuta ofisini, rundo la funguo mezani, macho yamevimba kama ya mtu mwenye mafua.

"Nimesoma," fundi akasema.

"Umechelewa."

"Kununua, au kwako?"

Dalali akajitahidi kununa. "Kununua una siku kumi na nne. Hilo lingine sijalitolea barua."

"Nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kufungua bahasha. Mkataba mzee aliupata wapi?"

"Nakala yake ilipotea, nyingine ilikuwa kwa mwanasheria aliyeuandika. Nilikwenda siku ileile uliyonifukuza, tukapekua maboksi mpaka nikapiga chafya ishirini. Nikamwonyesha mzee: ukimuuzia mwingine, mahakama itayafuta mauzo. Halafu nikamwambia na la pili, kwamba mpangaji huyu ni mtu wangu, akitaka atafute dalali mwingine."

"Akasemaje?"

"Akanuna siku mbili. Kisha akasema, 'Ndiyo maana siku ile ya wanunuzi ulishika funguo kama umeshika nyoka. Endelea, bei yangu isiguswe tu.'" Akaangalia mezani. "Mimi nilikosea pia. Nilisaini kabla ya kuuliza. Ningeuliza kwanza, nisingekuwa na siri ya kukuficha. Niliumia, fundi. Kila siku nilikuwa natazama simu."

"Hata mimi. Muulize mteja wa mto wa njano."

Hapo dalali akacheka, na kucheka kukageuka kilio, na fundi akazunguka meza.

Chama cha kuweka na kukopa kiliidhinisha mkopo siku ya kumi na tatu kati ya zile kumi na nne. Asubuhi ya mwisho wote walikuwa ofisi ya ardhi: mzee kwa suti yake ya kahawia, shangazi kwa gauni la zambarau na kofia, dalali na fundi bega kwa bega juu ya benchi jipya la buluu. Halikuwa na msumari hata mmoja uliochungulia. Dirisha namba tatu likaita, na kwa mara ya kwanza aliyeitwa alikuwepo.

"Hati inahamishiwa kwa nani?" karani akauliza. "Mmiliki ni mmoja?"

"Wawili," fundi akasema.

Dalali akageuka haraka. "Wawili gani? Shangazi hakuniambia..."

"Mimi simo," shangazi akasema, akitazama dari.

Fundi akapiga goti, palepale alipowahi kushona pindo. Foleni nzima ikageuza shingo. "Sina pete bado. Nina karakana, shangazi na sindano. Nataka jina lako liwe kwenye karatasi kabla hujachota hata ndoo moja ya maji. Utaolewa na mimi?"

Dalali ni mtu anayejua kuiuza hata nyumba isiyo na paa. Neno lake la kwanza lilikuwa la kazi.

"Ada yangu ya udalali iingie humu. Na akiba yangu. Sipewi nyumba ya bure mimi."

"Iingie."

"Basi ndiyo. Nitaolewa na wewe, na nyuzi zako za kichwani."

Shangazi akapiga kigelegele kilichowaamsha walinzi. Mzee akajifuta jasho, akasema yeye ana haraka, waoane mradi wasaini. Karani, aliyemjua dalali kwa miaka tisa, alikuwa tayari ameshaweka kalamu kwenye kisanduku cha pili.

"Hisa, kama kawaida yako," akasema. "Nusu kwa nusu?"

Dalali aliitazama fomu kwa muda. Akamtazama fundi, aliyekuwa bado amepiga goti, bila kumharakisha.

"Hapana," akasema. "Niandikie kwa pamoja."

Karani akavua miwani. "Wewe?"

"Mimi. Andika kabla sijaanza kujishauri."