Udongo wa Shimo la Watoto

Fuvu lilikuwa limetoweka, lakini shanga za dhahabu zilizokuwa kando yake hazikuguswa. Inspekta aliinama mbele ya kabati la kioo. Mwizi gani huacha dhahabu akabeba kichwa cha marehemu?

"Labda limejiondokea, afande," alisema mlinzi wa makumbusho. "Limechoka kutazamwa."



Mwalimu wa makumbusho ndiye aliyekuwa amewahimiza watu wa vijijini: mkiokota kitu cha kale shambani, msitupe, tuleteeni. Mama mmoja, shemeji yake mlinzi, akaleta fuvu lililogandwa na udongo. Alilikuta akichimba shimo la choo.

"Jana nililisafisha, nikaligusisha ulimi," mwalimu alieleza.

"Ulimi?"

"Mfupa wa kale hunata ulimini. Huu haukunata. Nikasema huyu si wa kale, kesho naita polisi."

"Nani alikusikia?"

"Mlinzi tu."

Langoni kila atokaye hupekuliwa. Basi fuvu lilikuwa bado humo ndani.

Uani palikuwa na shimo la mafunzo, ambamo watoto hujifunza kufukua vigae. Mwalimu alikuwa amelijaza upya kwa mikono yake: udongo mwekundu chini, mweusi katikati, mchanga mweupe juu. Inspekta alikwangua pembe moja. Rangi zote tatu zilitoka pamoja, zimevurugika kama makombo.

"Nani amechimba hapa?"

"Watoto, afande," mlinzi alijibu.

"Watoto wanakuja leo mchana," mwalimu alisema.

Mlinzi alishika funguo kiunoni zisilie.

Mwalimu akafukua kwa brashi, polepole. Paji la uso likatokea, kisha meno, moja la mbele limevunjika mshazari.

Wakati huohuo shemeji yake mlinzi aliingia uani, amevaa nguo yake ya kutokea, amekuja kuona alichookota kikionyeshwa. Alilitazama lile jino. Akakaa chini, taratibu, palepale mchangani.

"Mimi na mumewe tuligombea shamba la baba," mlinzi alisema, bila kuulizwa. "Alitaka kuliuza. Nilimpiga jembe mara moja tu, nikamzika nyuma ya nyumba. Nikasema amesafiri kutafuta kazi."

Pingu zililia.  Yule mama alikuwa akiyapangusa yale meno kwa ncha ya mtandio.

"Shemeji," alisema, "na zile salamu zake ulizokuwa ukiniletea kila mwaka, ulikuwa unazitoa wapi?"