Fremu ya Maua Meupe

Lifti ya jengo la maduka ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, Jumamosi asubuhi, siku ambayo watu wote walikuwa wameamua kufanya manunuzi kwa wakati mmoja. Ndani walikuwemo watu saba, na mmoja wao alikuwa dada wa fremu.

Ndivyo alivyoitwa katika jengo zima. Alifanya kazi kwenye duka la picha ghorofa ya nne, na kazi yake ilikuwa kutengeneza fremu za mapambo kwenye kompyuta: mizabibu, riboni, nyota, maua ya kila namna, yazunguke picha ya mtu hadi mwenyewe ajione mpya. Asubuhi hiyo alivaa gauni la rangi ya chungwa na hereni kubwa za duara, na alikuwa ameikumbatia kompyuta yake kifuani kana kwamba lifti ingemnyang'anya.

"Kuna mtu humo ndani?" sauti ya kiume iliita kutoka juu.

"Hapana, ni kuku!" alijibu dada wa fremu. "Kaka, tutoe! Kuna bibi harusi ananisubiri!"

"Kwani wewe ndiye bwana harusi?"

Wale sita wengine waliangua kicheko, na joto likapungua kidogo.

"Namtengenezea fremu za picha zake. Nikichelewa nitamwambia ni wewe, akutafute mwenyewe."

"Basi endelea kunisemesha, mikono yangu ifanye haraka."

Akamsemesha. Dakika ishirini baadaye lifti ilishushwa taratibu hadi ghorofa ya pili, mlango ukafunguka, na mbele yao akasimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, grisi shavuni, na mwanya uliofanya tabasamu lake lionekane la utani hata pale alipokuwa makini.

"Kuku ni yupi?" aliuliza.

"Ameshatoka," alisema dada wa fremu, akampita mbio kuelekea kwenye ngazi. Alipofika kwenye kona aligeuka, na fundi lifti alimwona alipogeuka. Hilo lilimtosha.

Tangu siku hiyo lifti ya jengo lile ilikaguliwa kuliko lifti yoyote mjini. Kila adhuhuri fundi alipanda ghorofa ya nne na kisanduku chake cha vifaa, akavuta kiti, akakaa karibu na skrini ya dada.

"Nifundishe," alimwambia.

"Ukaguse kompyuta kwa mikono hiyo? Kanawe kwanza."

Alinawa. Dada akamfundisha jinsi ya kuchora mstatili, kufuta katikati ubaki uwazi, kisha kupanga ua moja moja, kila ua kwenye tabaka lake, na kuliwekea kivuli chembamba ili lionekane limeinuka.

"Picha inakaa tabaka la chini, fremu inakaa juu," alisema. "Ukikosea mpangilio, maua yanajificha nyuma ya mtu."

"Kama mimi nilivyojificha nyuma yako."

"Wewe hujajificha popote. Bosi anauliza kila siku kama lifti itapona."

Jioni simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?" aliuliza fundi.

"Nimekula. Wewe je, kipenzi?"

"Nilisahau. Nilikuwa natengeneza jani. Jani moja, saa nzima, kwa ajili yako."

"Jani gani hilo la saa nzima?"

"Linafanana na koleo."

Dada alicheka mpaka dada yake mkubwa, aliyekuwa chumba cha pili, akagonga ukuta. Wiki ile alimpa fundi faili lenye fremu zake zote azifanyie mazoezi nyumbani. Hakuzieleza moja moja. Hakuona haja.

Mama yake fundi alikuwa mkunga, na mwezi huo alistaafu baada ya kuzalisha nusu ya mtaa. Mwanawe alitaka kumfurahisha kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Jumapili asubuhi alifungua faili la fremu na kuchagua iliyomvutia kuliko zote: maua meupe, riboni ya kijivu, na mshumaa mdogo kwenye kona. Aliweka chini yake picha ya mama akiwa na sare nyeupe, akitabasamu. Mpangilio ulikaa sawasawa. Kwa furaha aliituma kwenye kundi la ukoo lenye watu sitini na watatu, na chini yake akaandika: "Mama yetu. Asante kwa yote."

Simu ya kwanza ilikuwa ya shangazi, naye hakuongea, alilia. Mjomba tayari alikuwa kituo cha basi na begi. Mama mwenyewe alikuwa saluni, nywele nusu zimesukwa, mdogo wake alipompigia akitetemeka: "Dada, umekufa saa ngapi?"

Ilipofahamika kuwa mama ni mzima, kilio kiligeuka hasira. Mjomba alimpigia kijana. "Nani ametengeneza upuuzi huu?"

Fundi akaogopa. "Ni... ni yule dada wa duka la picha. Alikosea."

Alidhani maneno yataishia kwenye simu. Jumatatu, shangazi na wenzake wawili walipanda hadi ghorofa ya nne na kumfokea dada wa fremu mbele ya wateja. "Umemzika wifi yangu akiwa hai!" Dada aliitazama picha kwenye simu ya shangazi. Fremu ilikuwa yake, ile ya msiba. Picha hakuiweka yeye.

"Nani amewaambia ni mimi?"

"Mtoto wa kaka yangu mwenyewe!"

Bosi, kwa kuogopa sifa ya duka, alimwambia akakae nyumbani hadi atakapoitwa. Dada alichukua mkoba wake, akashuka kwa ngazi, akapiga simu akiwa barabarani.

"Halo, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Picha ya mama yako niliiweka mimi?"

"Nisikilize kwanza..."

"Ndiyo au hapana?"

"Hapana. Niliiweka mimi. Sikujua ni fremu ya msiba, na mjomba aliponiuliza nikababaika. Nilidhani yatapita."

"Yamepita kweli. Yamepita juu yangu." Akakata.

Siku nne fundi alipiga, siku nne simu haikupokelewa. Siku ya tano alikaa mbele ya mama yake jikoni akamweleza yote, macho sakafuni.

"Kufa sikufa," alisema mama. "Lakini nimezaa mwongo, na hilo ndilo linaloniuma. Shika simu yako."

Alirekodi sauti kwenye kundi la ukoo, mama akimsikiliza. "Fremu ile niliichagua mimi na picha niliiweka mimi. Yule dada hakuhusika. Nilimsingizia kwa uoga. Nisameheni, na yeye akipenda anisamehe."

Kesho yake mama alivaa viatu vyake vizuri, akamshika shangazi mkono, akamwita mwanawe, na wote watatu wakaenda dukani kwa bosi. "Mimi ndiye marehemu," alijitambulisha. Bosi alisimama bila kujua aketi lini. Kijana alikiri tena, shangazi akaomba radhi kwa sauti ileile aliyofokea, na siku hiyohiyo dada alipigiwa arudi kazini.

Jumamosi iliyofuata duka lilifurika wahitimu wa chuo, kila mmoja akitaka fremu yenye kofia na nyota. Fundi aliingia akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama.

"Naomba tuongee," alisema.

"Panga foleni," alijibu dada wa fremu bila kuinua macho.

Akapanga. Watu kumi na tisa. Alisogea hatua kwa hatua, jasho likimtoka, mpaka akafika kaunta.

"Nikusaidie nini, kaka?"

"Nimewaambia wote ukweli, na wewe nimekuacha wa mwisho. Ulipaswa kuwa wa kwanza."

"Ndiyo, nilipaswa. Nilifokewa hapa niliposimama, na wewe ulikuwa ghorofa mbili chini unakaza nati. Siku nyingine ukiogopa, utafanya nini?"

"Nitaogopa, lakini nitasema kweli. Kama sasa. Naogopa vibaya sana. Nataka kukuoa."

Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Dada alimtazama, akatazama skrini, akamtazama tena.

"Simama pembeni," alisema. "Nina wateja. Usiondoke."

Mwanamke mwenye kilemba cha kijani alisogea mbele. Dada alifungua picha yake, lakini kipanya kilikuwa kikicheza mkononi, na nyota aliyotaka kuiweka juu ikatua puani.

"Hii picha, dada," aliuliza yule mwanamke, "unanitolea nakala ngapi?"

"Ndiyo," alisema dada wa fremu.

"Ndiyo? Nimeuliza ngapi!"

"Samahani, mama." Alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa kiganja. "Sikukujibu wewe. Nimemjibu yule pale."