Nyayo Kwenye Zulia la Manyoya

Alama ya kwanza ilimkera tu Mama Kibonge, haikumtisha. Asubuhi alikuwa amelichana zulia lake la manyoya kwa chanuo la meno mapana, nyuzi zote zikalala upande wa dirisha, akafunga mlango wa sebule akaenda jikoni. Aliporudi alikuta nyayo mbili nyembamba katikati ya zulia, zimezama vizuri kabisa, kama kuna mtu alisimama pale akingojea chai.

"Wifi!" aliita. "Hivi nikiongea humu ndani, huwa naongea na ukuta?"

Dada wa mumewe, aliyekuwa akiishi nao, alitoka chumbani nywele zimesukwa upande mmoja. "Mimi hata sijapita hapo, wifi. Haki ya Mungu."

"Basi kapita nani? Kibonge anatambaa, na kaka yako yuko kazini."

Zulia lenyewe lilikuwa ugomvi tangu siku lilipoingia. Mume alikuwa fundi wa vigae, na vya sebule ile alivipanga kwa mikono yake mwenyewe, vinang'aa hadi unaona meno yako. Kibonge, mtoto wao wa pekee, alipojaribu kusimama aliteleza akapasuka paji la uso, na mama yake akaapa kwamba mwanawe hatajifunzia kutembea pale. "Yaani kazi yangu unaifunika manyoya?" Fundi alilalamika. Mtu anapiga magoti maisha yake yote kupanga sakafu za watu, halafu ya kwake haioni. Mwenzangu, lazima nyongo ipande.

Nyayo hazikukoma. Kila zulia likichanwa, zinarudi. Wifi akachoka kusingiziwa, akafungasha nguo zake akaondoka bila kuaga, na Fundi akamnunia mkewe kwa ajili ya dada yake. Mchana kutwa nyumba ikabaki na mama na mtoto, na nyayo zikazidi kuwa nyingi.

Alasiri moja Mama Kibonge alilichana tena, kwa hasira, akamkalisha mtoto ukingoni mwa zulia, akavuta kiti akakaa. "Leo nakukamata," alisema, wala hakujua anamwambia nani.

Jua lilikuwa limejaa dirishani. Kwanza ilikuja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha upande wa pili wa zulia nyuzi zikaanza kulala, taratibu, zikachora kisigino, halafu vidole, na mbele yake unyayo mwingine, na mwingine, bila mlio wowote kwa kuwa manyoya hayalii, zikimjia yule mtoto ambaye hakulia wala hakushtuka bali aliinua uso akatabasamu pale ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa, na mama yake akang'ang'ania kiti kwa mikono miwili, hadi manyoya yaliyo mbele ya Kibonge yalipobonyea mduara mpana, kama mtu mzima anavyojikalisha chini kucheza na mtoto, ndipo alipomrukia mwanawe akatoka naye pekupeku hadi barabarani.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alilinusa zulia, akafunua pembe yake, akagonga kigae kwa kidole.

"Hakikuja na zulia," alinong'ona. "Kimo humu siku zote. Zulia linawaonyesha tu kilipo."

"Kinataka nini?" Mama Kibonge aliuliza kwa sauti ya chini, amembana mtoto kifuani.

Mganga alimtazama mtoto, akairudisha pembe ya zulia mahali pake. "Kesho nakuja kukitoa. Zulia msiliguse. Nisipoona kilipo, sitakuwa na pa kukishika."

Fundi alisikia yote, na yote yalimchefua. Dada kaondoka, mke haambiliki, na sasa waganga sebuleni, chanzo ni manyoya! Asubuhi, mkewe akiwa bafuni, alilikunja zulia, akalichoma moto nyuma ya nyumba, akapiga deki.

"Haya, nyayo ziko wapi?" alimuuliza mkewe alipotokea. "Nionyeshe."

"Umefanya nini, Baba Kibonge? Sasa tutakionaje?"

Vigae vilikuwa vitupu, vinameta, havina alama hata moja. Kibonge, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na ukuta, akasimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine.

"Anatembea!" Fundi alipiga makofi, machozi yakimlengalenga. "Mwone, anatembea kwenye vigae vya baba yake!"

Mama hakupiga makofi. Aliona jinsi mtoto asivyoyumba. Aliona mkono wake wa kulia ulivyonyooka juu, vidole vimekunjwa, kama mtoto aliyeshikilia kidole cha mtu mrefu. Walikuwa wanaelekea mlango wa mbele, ambao Fundi aliuacha wazi ili sakafu ikauke.

"Kibonge," alinong'ona, "njoo kwa mama."

Mtoto akageuka, akacheka, akampungia kwa mkono wa kushoto, vilevile alivyofundishwa kuaga wageni.